Maswali ya Wasomaji: Tangerine Dream Bila Edgar Froese

Toleo lililopita liligusia kwa aya mbili tu albamu ya Raum, iliyotolewa na kundi la Tangerine Dream mwaka 2022, na aya hizo mbili zimezaa mabishano ambayo sikuyatarajia. Kwa msomaji asiyelifahamu kundi hili, linatoka Ujerumani. Lilianzishwa Berlin Magharibi mwaka 1967 na Edgar Froese, limekwisha kutoa albamu zaidi ya mia moja, na ni miongoni mwa makundi ya mwanzo yaliyoufanya muziki wa kielektroniki kuwa kitu cha kusikilizwa kwa utulivu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pasipo maneno na mara nyingi pasipo ngoma. Froese alifariki dunia mjini Vienna tarehe 20 Januari 2015, akiwa na umri wa miaka 70, na kundi limeendelea bila yeye. Hapo ndipo penye ugomvi. Nimechagua barua tano, nimezifupisha, na ukali wake nimeuacha kama ulivyokuja.

SWALI

Ndugu mwandishi, nimelisikiliza kundi hili tangu ujana wangu, na santuri zake za kuanzia 1974 hadi 1983 ninazo zote. Naomba unijibu bila kuzunguka. Froese ndiye pekee aliyekuwapo tangu siku ya kwanza hadi siku ya kufa kwake. Kati ya wanaopiga leo hakuna hata mmoja aliyekuwapo albamu ya Phaedra iliporekodiwa. Mwanawe mwenyewe alitamka hadharani kwamba kundi limekufa pamoja na baba yake. Kwa nini basi mnaendelea kuwaita watu hawa kwa jina lile, na kwa nini mnathubutu kuzilinganisha kazi zao na zile za zamani?

Mwenye santuri za zamani

JIBU

Ndugu yangu, barua yako imebeba maswali mawili katika mfuko mmoja: nani ana haki ya kulitumia jina, na je, muziki wenyewe unafikia kiwango. La kwanza halitatuchukua muda mrefu. Jerome Froese alipiga katika kundi hilo tangu 1990 hadi 2006, na mtoto aliyefiwa na baba ana haki ya kusema alilolisema, nami sitalipima neno lake kwenye mizani. Lakini mjane wa marehemu, Bianca Froese-Acquaye, alitaka kazi iendelee, na walioachiwa kazi hiyo mikononi hawakuokotwa barabarani. Thorsten Quaeschning, ambaye ndiye kiongozi sasa, aliingia mwaka 2005, mpiga fidla Hoshiko Yamane akaingia mwaka 2011, na Ulrich Schnauss mwaka 2014, wote wakati Froese yu hai na mwenye kauli ya mwisho juu ya nani anakaa na nani anaondoka. Schnauss alipojitoa mwaka 2020 nafasi yake ilichukuliwa na Paul Frick, na huyo ndiye pekee kati ya waliopo ambaye aliingia baada ya mwanzilishi kufariki.

Isitoshe, kundi hili halijawahi kukaa na sura moja kwa muda mrefu. Albamu ya kwanza, Electronic Meditation ya mwaka 1970, ilipigwa na Froese pamoja na Klaus Schulze na Conrad Schnitzler kwa gitaa, ngoma, selo na ogani, bila sintesaiza, yaani mashine ya kuunda sauti kwa umeme, hata moja. Albamu ya pili ilipotoka mwaka uliofuata, hao wawili walikuwa wamekwisha kuondoka. Peter Baumann aliondoka mwaka 1977, Johannes Schmoelling mwaka 1985, na Christopher Franke, aliyezishika mashine za mdundo kwa miaka yote ile unayoipenda, akawaaga mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila alipoondoka mtu walikuwapo mashabiki waliokaa matanga. Cyclone ya mwaka 1978 ilipotoka ikiwa na mwimbaji na mpiga ngoma, mashabiki waligawanyika vilevile kama tunavyogawanyika leo, na Froese alikuwapo palepale katikati.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Wewe unaamini kwamba kilichopotea ni Froese, na kwamba asipokuwapo yeye muziki hauwezi kufika ulikofika. Nakuomba ulitafakari jambo moja. Mwaka 2005 Froese mwenyewe, akiwa na uzoefu wa miaka karibu 40 na mashine ambazo kijana wa mwaka 1973 asingeweza hata kuziota, aliirekodi upya Phaedra, na mwaka 2008 akafanya vivyo hivyo kwa Tangram na Hyperborea. Ziweke rekodi hizo sambamba na za asili, uzisikilize usiku mmoja. Fikra ni ileile, mikono ni ileile, na kila kitu kimewekwa mahali pake, lakini ile hali ya kushika pumzi haipo tena. Nayasema haya kwa uchungu, maana nampenda Froese kama unavyompenda wewe. Hata hivyo, ikiwa mwenyewe hakuweza kuirudia Phaedra, basi kukosekana kwake hakuwezi kuwa sababu pekee inayowafanya wengine wasiifikie. Kitu kingine kilipotea mapema zaidi, yeye akiwa bado yupo, na ndicho ninachotaka tukitafute katika barua zinazofuata.

Umetaka nisizunguke, basi hukumu yangu ndiyo hii. Quantum Gate ya mwaka 2017, iliyojengwa juu ya michoro ya muziki aliyoiacha Froese, ni kazi ya heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoifunga mikono: vibao vyake tisa vimejazwa hadi ukingoni, kana kwamba wapigaji waliogopa kwamba wakinyamaza kidogo tutamkumbuka aliyeondoka. Raum ni kazi kubwa, na ninaiweka karibu na Tangram bila kusita. Haijafika ilipo Phaedra, wala ilipo Rubycon. Lakini tukisema kweli, baada ya 1975 hakuna albamu yoyote ya kundi hili, yenye Froese au isiyo naye, iliyofika hapo.

SWALI

Shikamoo. Nina umri wa miaka 23, na kundi hili nimelijua kupitia Raum. Nilipoisifia albamu hiyo mbele ya mjomba wangu, ambaye ana kabati zima la santuri, alicheka akaniambia kwamba nimekunywa maji ya mto chini kwenye matope, na kwamba niisikilize Rubycon kwanza ndipo nifungue mdomo. Nimeisikiliza mara tatu. Ni nzuri, siwezi kukataa, ila moyo wangu bado uko kwa Raum. Je, sikio langu lina kasoro?

Mpwa

JIBU

Marahaba, binti yangu. Sikio lako halina kasoro, na mjomba wako naye hajakudanganya. Kinachowatenganisha ni miaka.

Muziki wa zamani unatufikia ukiwa umekwisha kupetwa. Kwa nusu karne watu wameushika ungo, wamerusha, pumba zimepeperuka na punje zimebaki. Mjomba anapotaja miaka ya 1970 anataja punje: Phaedra, Rubycon, Ricochet. Hataji jioni zote alizosikiliza upande mzima wa santuri ya mtu mwingine wa zama zilezile akangoja kitu kitokee, kisitokee. Wewe unaupokea muziki mpya pamoja na pumba zake, na kazi ya kupeta unaifanya peke yako, leo, bila msaada wa aliyekutangulia. Kulinganisha punje zilizochaguliwa na gunia ambalo halijafunguliwa si haki, na nadhani wengi wa rika letu tunafanya kosa hilo bila kujua.

Kuna jingine ambalo ni gumu zaidi kulikiri. Santuri yangu ya Rubycon ina mkwaruzo katika upande wa kwanza, na kwa miaka mingi sindano ilikuwa ikigonga hapo mara nne mfululizo kabla ya kuendelea. Siku niliyoisikia rekodi ileile ikiwa safi, bila mkwaruzo, mahali pale palinishtua. Nilikuwa nikingoja kugonga kule kama sehemu ya muziki, na kutokuwapo kwake nikakuona kuwa ni pengo. Sikio la mtu mzima limejaa mikwaruzo ya namna hiyo, yaani chumba alichokuwamo, umri aliokuwa nao, mtu aliyekaa naye, na yote hayo anayaita ubora wa albamu. Wewe mikwaruzo yako unaipata sasa, juu ya Raum, na baada ya miaka 30 utaitetea mbele ya mpwa wako.

Hata hivyo, mjomba ana hoja moja ambayo nakuomba usiipuuze. Katika Rubycon huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo sehemu moja inaisha na nyingine kuanza. Ukungu wa Mellotron, kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, unatanda, mdundo unachomoza chini yake bila kupiga hodi, unakua, unageuka, kisha unagundua kwamba umekwisha kuondoka na hukumbuka ulipoondokea. Katika kazi mpya viungo vinaonekana. Kila baada ya dakika chache unakuja mchanganyiko mtamu wa noti wa kumtuliza msikilizaji, kama mwenyeji anayeingia chumbani mara kwa mara kuuliza kama mgeni anahitaji chochote. Hilo mjomba analisikia, na ni kweli.

Sasa mwambie nawe jambo ambalo pengine halijui. Mwaka 1972 kundi lilitoa albamu ya santuri mbili iitwayo Zeit, neno ambalo kwa Kijerumani ni wakati: vibao vinne tu, kila kimoja kikijaza upande mzima, wapiga selo wanne mwanzoni, Florian Fricke wa kundi la Popol Vuh akipiga sintesaiza ya Moog, na karibu hakuna mdundo wowote wa kushikilia. Mwaka 2022, miaka 50 kamili baadaye, ikaja Raum, neno ambalo kwa Kijerumani ni nafasi. Mimi nayasikia majina hayo mawili kama swali na jibu. Humo mna kibao kiitwacho In 256 Zeichen, chenye karibu dakika 19, kirefu kuliko nusu yoyote ya Rubycon, na kile kinachobeba jina la albamu kina karibu dakika 15. Katika kuitengeneza, wapigaji walifunguliwa hazina yote ya Froese, kanda alizorekodi na mipangilio aliyoiacha kwenye kompyuta, ya kuanzia 1977 hadi 2013. Kwa hiyo mjomba akisema kwamba Froese hayumo, amekosea.

Usibishane naye tena. Mwombe mkae pamoja, aanze yeye na upande mmoja wa Zeit, kisha uweke kibao cha mwisho cha Raum, na wote wawili msiseme neno hadi kiishe.

SWALI

Mimi kazi yangu ni kurekodi sauti studio, na ninaandika kwa jambo la ufundi. Rekodi za sasa za Tangerine Dream zinasikika kama nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi. Hakuna mkunjo. Wenzangu wanasema ni kosa la kompyuta, na kwamba wangerudi kwenye mashine za zamani wangeurudisha na muziki wa zamani. Wewe unaonaje?

Fundi wa studio

JIBU

Umeligusa jambo lenyewe, na kwa kuwa wewe ni fundi nitajieleza kwa upana, nikiwaomba wasomaji wengine wavumilie kidogo, maana bila kuielewa mashine ile hatuwezi kuelewa tunachokililia.

Mdundo wa Phaedra unatoka kwenye sikwensa ya Moog, mashine inayotuma volti kwa mpangilio, hatua moja baada ya nyingine, na kila volti inaiamuru sintesaiza itoe noti fulani. Ile iliyojulikana zaidi ina hatua nane, na kila hatua ina vifundo vyake. Hapakuwa na kioo cha kuonyesha jina la noti, wala namba, wala kumbukumbu ya kuhifadhi ulichokitafuta jana. Mpigaji alikizungusha kila kifundo kwa mkono, akisikiliza, hadi noti ikae, kisha akahamia cha pili. Ukitaka kubadili wimbo ukiwa katikati, unageuza kifundo huku mashine inaendelea kuzunguka, na ukikosea kwa upana wa ukucha, watu wote wanakusikia.

Si hayo tu. Zile sehemu zinazozalisha sauti yenyewe ziliathiriwa na joto. Chumba kikipata joto kidogo, noti zilianza kuteleza, na hakuna aliyeweza kuzizuia. Mwishoni mwa mwaka 1973, katika studio ya The Manor kule Uingereza, vijana watatu, Froese, Franke na Baumann, walikuwa wakifanya kazi na mashine hiyo. Kwa maelezo ya Froese mwenyewe, kuisawazisha peke yake kulikula saa nyingi za kila siku. Walianza saa tano asubuhi wakaacha saa nane za usiku, na kufikia siku ya 11 walikuwa na muziki usiozidi dakika sita. Mashine ya kurekodia iliharibika, meza ya kuchanganyia sauti ikagoma, spika zikadhurika kwa uzito wa besi. Walipumzika siku mbili, wakarudi, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Kiweke kibao chenye jina la albamu usikilize besi. Inaanza kwa kujiamini, kisha taratibu inapanda na kutoka nje ya tuni, kidogo sana, na kila kilicho juu yake kinaanza kuyumba. Mhandisi mwingine angesimamisha kanda. Wao waliiacha. Franke anaifuata mashine, anairudisha, inamponyoka tena, na mvutano huo kati ya mtu na chombo ndio unaotushikisha pumzi hata tunapokuwa hatujui sababu yake. Albamu hiyo ilifika nafasi ya 15 katika chati za Uingereza, kibao kisicho na neno hata moja kikiujaza upande mzima. Kile cha Mellotron kilicho upande wa pili kina hadithi yake pia: Franke na Baumann walikuwa wamelala, Froese akamwita mkewe wa wakati huo studio, akapiga mara moja tu huku yeye akizungusha vifundo vya mashine ya kugeuza sauti, na kilichorekodiwa usiku ule ndicho kilichomo kwenye santuri, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Kwa hiyo siungi mkono hoja ya wenzako, wala siikatai yote. Kurudi kwenye mashine za zamani hakutoshi, maana Quaeschning anazo, na jukwaani huonekana akiwa na sintesaiza za vipande zenye nyaya zinazoning'inia kama mizizi. Tatizo liko katika kinachofuata baada ya kupiga. Ulipokuja mwaka 1983 mfumo wa MIDI, unaoziwezesha ala za kielektroniki na kompyuta kupeana maagizo ya noti, na baadaye kurekodi kwa kompyuta, kila noti ikawa inaweza kuguswa tena kesho. Kompyuta inasamehe kila kitu, na mtu anayejua kwamba atasamehewa anapiga kwa namna tofauti na yule anayejua kwamba kanda inazunguka na wenzake wamelala. Wewe unalijua hili kuliko mimi: ni mara ngapi umesahihisha kosa la mpigaji kwa sababu tu kulisahihisha kulikuchukua sekunde mbili, na baadaye ukahisi kwamba kuna kitu kimekwenda nalo?

Froese aliporudi kwenye Phaedra mwaka 2005 ndivyo ilivyokuwa. Alisahihisha.

SWALI

Mbona mnabishania mwanzo na mwisho, na katikati mnapapita kama hapakuwa na kitu? Mimi nilianza na Optical Race ya mwaka 1988 na siioni haya.

Wa katikati

JIBU

Wala hupaswi kuiona haya. Optical Race ina nafasi yake, ikiwa ni ya kwanza bila Franke, na ilitolewa na kampuni ya Private Music, ambayo mwanzilishi wake ni yuleyule Peter Baumann aliyeondoka mwaka 1977. Paul Haslinger, aliyekuwapo tangu 1986 hadi 1990, anastahili sifa zaidi ya anazopewa. Ninachokiona dhaifu ni kilichofuata katika miaka ya 1990, ngoma za mashine zisizopumzika, saksofoni na gitaa juu yake, vibao vifupi vinavyofanana, ingawa najua kwamba kundi limependekezwa mara saba kwa tuzo za Grammy na sehemu kubwa ya heshima hiyo ni ya miaka hiyo. Barua yako ina faida kwa mjadala wetu. Wanaowahukumu Quaeschning na wenzake huwapima kwa miaka miwili mitukufu, 1974 na 1975. Wakipimwa kwa historia yote ya kundi, pamoja na miaka ambayo mwanzilishi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wanasimama mahali pa juu.

SWALI

Mwandishi, nina pendekezo badala ya swali. Kraftwerk, kundi jingine la Ujerumani la muziki wa kielektroniki, hawajatoa albamu mpya ya studio tangu 2003, na kumbi zao zinajaa. Wanapiga vilevile vibao vyao vya zamani, kwa usafi na kwa heshima, na hakuna anayebishana kuhusu kushuka kwa kiwango kwa sababu hakuna kipya cha kupimwa. Kwa nini Tangerine Dream wasifanye hivyo? Wapige Phaedra na Stratosfear, watuachie kumbukumbu zetu salama, na mabishano haya yaishe.

Mpenda amani

JIBU

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa kuwa inasema wazi jambo ambalo mashabiki wengi wanalitamani kimoyomoyo. Kwa Kraftwerk nakubaliana nawe. Florian Schneider aliondoka mwaka 2008 na kufariki mwaka 2020, Ralf Hütter amebaki peke yake kati ya waanzilishi, na bado vibao vile vinasimama, kwa sababu tangu mwanzo vilichongwa kama vyombo vya chuma: kila sauti ina kipimo chake, na mtu mwingine akivishika kwa uangalifu vinafanya kazi ileile.

Tangerine Dream walizaliwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 walipopanda jukwaani hawakuja kupiga albamu. Walikaa nyuma ya mashine zao, mara nyingi gizani, hawasemi na watu, na walichokipiga walikibuni palepale. Tarehe 13 Desemba 1974 walipiga ndani ya kanisa kuu la Reims, Ufaransa, na umati uliokusanyika ulizidi kiasi ambacho jengo lingeweza kuubeba. Waliokuwamo mle hawakwenda kusikia vibao walivyovikariri. Ricochet, ambayo imo katika orodha ya kila shabiki mkongwe, imetokana na maonyesho ya mwaka 1975, na nguvu yake ni nguvu ya watu wasiojua dakika ijayo italeta nini. Ukiwaambia warithi wa muziki huo wapige yaliyokwisha kupigwa tu, kwa jinsi yalivyopigwa, utakuwa umewakabidhi ngozi ya mnyama na kumnyima uhai.

Jambo linalonifariji, na ninaliona wengi wenu hamlijui kwa kuwa mnasikiliza albamu za studio peke yake, ni kwamba kundi la sasa limeligundua hilo. Katika maonyesho yao, wakimaliza vibao vinavyojulikana, hubaki jukwaani na kupiga kipande kirefu kisichoandikwa mahali popote. Wanakiita kikao, na tangu 2017 wamekuwa wakivitoa vikao hivyo kama mfululizo wa rekodi, ya kwanza ikiitwa The Sessions I. Humo ndimo ninamoona kile kilichopotea kikirudi. Mmoja anaanzisha mfuatano wa noti usiojulikana unaelekea wapi. Wengine wanangoja. Fidla inaingia kwa upinde mrefu, inajaribu, inanyamaza kama mtu aliyekosea mlango, kisha inarudi kutoka upande mwingine, na hatimaye wote watatu wanajikuta mahali ambapo hakuna aliyepapanga. Si kila kikao kinafika. Vipo vinavyozunguka kwa dakika nyingi bila kupata njia, na mhariri mkali angevikata, nami nashukuru kwamba hawakuvikata.

Kwa hiyo pendekezo lako, ndugu yangu, siwezi kulipokea. Phaedra na Stratosfear waendelee kuzipiga, maana wanazipiga vizuri na watu wamelipa kuzisikia. Lakini siku watakapofunga mashine baada ya kibao cha mwisho kinachojulikana na kuondoka jukwaani bila kukaa kikao, nitaandika katika safu hii hii kwamba Mwenye santuri za zamani alikuwa na haki, na kwamba kundi limekufa.